Kidakatonge

Juzi daktari mmoja hapa Kilifi alimwambia binti yangu apanue kinywa aseme "aa". Mtoto alitii bila wasiwasi. Mimi, mtu mzima na akili zangu, nilijikuta nimeuma meno. Kaa nikueleze, rafiki yangu.

Nililelewa na nyanya, Takaungu. Kila alfajiri niliamshwa na mkwaruzo wa mbuzi, nyanya akikuna nazi. Wali tulikula kwa mkono, na nikifinyanga tonge kubwa alinionya: "Punguza, mwanangu. Nyuma ya ulimi kuna kinyama kinaning'inia, kinaitwa kidakatonge. Kazi yake ni hiyo hiyo ya jina lake: hulidaka tonge lisipotee likaingia njia ya pumzi." Nilimwamini, kama nilivyomwamini kwa kila kitu.

Kisha nikashikwa na kikohozi kisichosikia dawa ya nyumbani. Jirani yetu akanichungulia kooni. "Kidakatonge kimemshuka," akasema. "Akatwe apone, na binti yangu pia, naye anakohoa."

Mkataji alikuja asubuhi, nikipeta mchele uani. Mzee mpole, ananukia karafuu. Akafungua kitambaa; ndani mna kijisu kilichopinda kama ukucha. Nyanya akanipakata, akanibana kichwa kifuani, nikausikia moyo wake ukienda mbio kuliko wangu. Nikauma meno.

"Fungua, mwanangu," akaninong'oneza nyanya.

"Nyanya, akikikata, tonge langu litadakwa na nani?"

Mikono ya nyanya ikalegea.

"Utuwie radhi, mzee," akamwambia mkataji. "Huyu nitampeleka hospitali."

Mzee akakunja kitambaa, akaingia kwa jirani. Nilisikia kilio cha binti wa pale, rafiki yangu, kisha kikakatika ghafla. Nikaziba masikio. Damu ilikataa kukoma, na adhuhuri tukapelekwa Kilifi sote wawili kwa gari moja, yeye na kitambaa chekundu mdomoni, mimi nikikohoa ubavuni mwake, naogopa hata kumgusa.

Alhamdulillahi, tulipona sote.

Mkataji alishafariki, na kazi yake haikupata mrithi. Simlilii. Nyanya naye ametangulia, na watoto wa vichochoro vile ukiwauliza kidakatonge ni nini, wanacheka tu. Rafiki yangu yule yungali Takaungu, mama wa watu. Hunikaribisha chakula, tukazungumza ya zamani yote isipokuwa siku ile. Na kila anapopeleka tonge kinywani, mimi hutazama pembeni mpaka alimeze.