Abiria wa Zéphirin

Siku Zéphirin alipoingia dukani kwa Feruzi kukodi baiskeli, Feruzi alimpima kwa macho kuanzia kichwani kwenda chini, na huko chini akakuta pungufu. Mguu wa kulia uliishia kidogo chini ya goti. Kwapani alikuwa na gongo, na usoni hakuonyesha kabisa kwamba amekuja kuomba.

"Velo iko," Feruzi alisema. "Muguu ndiyo haiko. Sasa tutafanya nini, papa?"

"Tutafanya hesabu," Zéphirin alijibu. "Nitakanyaga pedali moja. Alors, unikodishie kwa nusu ya bei."

Feruzi hakucheka, ila alivutiwa na namna bei ile ilivyoombwa. Yeye mwenyewe alianza na sinia ya gundi na viraka, akitembeza sokoni Mangobo. Babu wa babu yake alikuja na misafara ya pembe za ndovu kutoka mashariki, lakini pembe hazikumfikia Feruzi. Alichorithi ni kanzu na ulimi. Sasa alikuwa na baiskeli za kukodisha, na ubavuni mwa duka alikuwa na banda la mbao la kuonyeshea video. Kila kitu alichokuwa nacho alikipata kwa kubishana.

Wakati ule mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Meli za kutoka Kinshasa zilikuwa zimekoma, benzini ilikuwa ya wenye bunduki, na raia aliyetaka kwenda mahali alipanda toleka, yaani baiskeli yenye mto mdogo wa kukalia nyuma. Zéphirin hakuwa mtu wa baiskeli. Alizaliwa kwa Wagenia, kwenye maporomoko, katika ukoo wa kutega samaki. Mguu aliuacha katika commune ya Tshopo, mtaa mwingine wa mji, nyumbani kwa wakwe zake alikoishi, mwezi ule wa sita ambapo majeshi mawili ya kigeni yalipigania mji ambao haukuwa wa baba zao. Bombe moja liliangukia uani, likatoboa na paa. Na mtu wa mguu mmoja hasimami juu ya miti ya kutegea samaki katikati ya maji yanayokimbia. Alibaki na nchi kavu.

"Nipeleke mpaka daraja ya Tshopo na kunirudisha," Feruzi alisema. "Kisha tutaongea bei."

"Bon. Lakini utanisukuma kwanza, papa. Nikishaanza kwenda, unaruka."

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake. Kuendesha aliweza: mguu wa kushoto aliuingiza katika kitanzi cha mpira kilichofungwa kwenye pedali, hivyo pedali ikishuka alisukuma, ikipanda alivuta. Kuanza ndiko kulimshinda. Abiria ilimbidi asukume hatua chache, kisha arukie mto kwa upande, kama wanavyokaa wanawake. Feruzi alikunja kanzu, akasukuma, akaruka, na watu wa Mangobo wakapata la kusimulia wiki nzima. Njiani hakuutazama mguu. Alisikiliza mnyororo. Mnyororo ulikwenda kwa sauti moja, bila kuruka, bila kulegea, na alipofika dukani alijua kwamba amepata mtu wa kutunza mali yake.

Walibishana mpaka jua likageuka. Mwisho wakaafikiana bei kamili, mnyororo mzuri kuliko yote dukani, na Jumapili bure.

"Jumapili unaitakia nini?" Feruzi aliuliza. "Watu hawaendi sokoni."

"Mbio," Zéphirin alisema.

Mbio zile waendesha toleka walizianzisha wenyewe baada ya vita. Zilianzia darajani na kuishia kwenye uwanja wa mchanga Mangobo, mbele kidogo ya duka. Sheria ilikuwa moja: hakuna kukimbia bila abiria. Toleka bila mtu nyuma si toleka, walisema, ni mtu anayetoroka na velo. Na abiria hakulipwa. Alipanda kwa sababu anamwamini dereva, na dereva akishinda, abiria naye anasema ameshinda.

Mtu wa nje angeuliza watu wenye njaa wanafukuzana kwa baiskeli ili iweje. Feruzi naye alijiuliza hivyo mwanzoni, akifikiria magurudumu yake. Baadaye aliona. Katika mji ule hakuna aliyejua tena nani ameshinda nini. Jeshi moja lilitangaza kwamba limeshinda, jingine likatangaza vivyo hivyo, na maiti walikuwa wa mtaani. Redio ya waasi ilisema kuna amani, redio ya Kinshasa ikasema kuna ushindi. Lakini Jumapili jioni mtu mmoja alifika wa kwanza, wote wakamwona, na hakuna kamanda aliyekuja Jumatatu kusema kwamba alikuwa mwingine. Watu walirudi nyumbani wakibishania jambo lililotokea kweli.

Abiria wa Zéphirin alikuwa Mama Gertrude, muuza mafuta ya mawese, mwanamke mpana mwenye miguu myepesi. Kila siku ya kazi Zéphirin alimpeleka sokoni na chupa zake, na Jumapili mama huyo alimsukuma na kuruka bila hata kuvua kilemba. Wa kwanza hawakufika kamwe. Walikuwa wa nne, wa tano. Mara moja wa pili, siku ambayo kiti cha kiongozi kilikatika na abiria wake akaingia mtaroni. Na barabara yote walitukanwa.

"Zéphirin, pita basi. Ama unangojea muguu ingine iote?"

"Mama Gertrude, shuka umubebe wewe, mutafika mbele."

"Mawese yako ni mingi kuliko akili yako," Gertrude alijibu akiwa nyuma ya dereva wake, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote, na ndiyo maana watu walilipenda.

Zéphirin alikula matusi yale kama chakula. Siku za wiki watu walimwambia pole. Jumapili walimwambia ni mzembe. Siku moja alimbana mwenzake mpaka akamtoa barabarani, watu wakataka kumpiga, na mkewe Colette alisema tangu bombe lianguke hajamwona mume wake akiwa na furaha namna ile.

Ndipo akaja Arthur.

Arthur alikuwa kijana kutoka Ulaya, mtengeneza filamu. Alishuka uwanja wa Bangboka kwa ndege ya misaada, akiwa na kamera, jenereta ndogo, na shauku ya kuwapata watu waliokatwa viungo wanaofanya michezo. Alitumwa kwa Feruzi kwa kuwa kila mgeni mwenye shida alitumwa kwa Feruzi. Wakakaa wakaongea. Feruzi hakutaka noti. Alitaka jenereta ibaki Arthur akiondoka, maana ya bandani kwake ilikuwa inakohoa. Alitaka nakala ya filamu itakapokuwa tayari. Na kwa Zéphirin alitaka baiskeli mpya, mali yake mwenyewe, si ya kukodi.

"Na yeye atafanya nini?" Arthur aliuliza.

"Atafanya unavyomwambia," Feruzi alisema.

Zéphirin alipoelezwa aliuliza: "Velo ya kwangu?"

"Ya kwako. Hutaniona tena isipokuwa pampu ikikupotea."

"Alors, tufanye."

Arthur alipiga picha mbio za Jumapili. Zéphirin na Gertrude walifika wa nne. Matusi yalikuwa mazuri siku ile. Lakini Arthur alishusha kamera kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza.

"Hawamhurumii," alimwambia Feruzi. "Wanamcheka. Na yeye anacheka. Watu wa kwetu hawataelewa."

Feruzi alielewa. Bandani kwake alikuwa ameonyesha filamu za kila aina, na mtu aliyekatwa kiungo alimjua kwa sura mbili tu. Ama ni jambazi mwenye mguu wa mti na moyo wa mti, ama ni mtakatifu anayeanguka, analia, muziki unapigwa, anainuka, na wenye miguu yote wanajiona wabaya kwa kulalamika. Mtu wa mguu mmoja aliyefika wa nne kwa sababu watatu walikuwa na mapaja bora, huyo hajamwona katika filamu hata moja.

"Anataka uanguke," alimwambia Zéphirin.

"Lakini mimi sianguki."

"Anajua. Ndiyo maana anaomba."

Mama Gertrude alikataa kuhusika. "Mimi nitaanguka siku Mungu atapanga," alisema. "Arthur si Mungu, hata ndevu haina." Basi akakaa nyuma Colette, na beseni la nyanya mapajani, kwa sababu Arthur alihitaji kitu cha kumwagika. Walianguka kwenye mteremko wa darajani asubuhi baada ya mvua. Mara ya kwanza ilikuwa haraka mno. Mara nyingine nyanya hazikusambaa vizuri. Waliendelea kuanguka mpaka kiwiko cha Zéphirin kikachubuka na Arthur akaridhika. Colette aliokota nyanya zote kwenye tope, moja moja, kwa kuwa nyanya hazitupwi, na kamera ikaufuata mkono wake.

Arthur alitimiza ahadi zake. Jenereta ilibaki. Baiskeli ilikuwa mpya, nyeusi, bado na karatasi kwenye fremu. Zéphirin aliipitisha mitaa yote ya Mangobo, na Feruzi alijihesabia kwamba hajawahi kupata biashara safi kama ile, ambayo kila mtu aliondoka na alichokitaka.

Kaseti ilifika misimu miwili baadaye, mikononi mwa mfanyakazi wa misaada aliyesema huko Ulaya watu walilia na kusimama kupiga makofi. Feruzi alibandika tangazo mlangoni. Jumamosi mchana banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mapipa, na jenereta ya Arthur ikavuma vizuri nje. Zéphirin aliwekwa mbele kama bwana harusi.

Filamu ilikuwa ya Kifaransa. Mbio zilipita upesi, bila sauti ya mtu hata mmoja. Juu ya picha waliweka muziki wa kinanda. Matusi yote yalikuwa yamefutwa. Kisha ukaja ule mteremko. Baiskeli iliinama polepole, polepole kuliko kitu chochote duniani, Colette akapaa, nyanya zikapaa, uso wa Zéphirin ukaingia topeni. Ikarudiwa kutoka upande mwingine. Ikarudiwa kutoka chini. Sauti ya mzungu ikasema: kila siku anaanguka, na kila siku anainuka.

Watu walicheka mwanguko wa kwanza. Wa pili walicheka kidogo. Wa tatu bandani kukawa kimya, na katika kimya kile Feruzi, aliyezoea kusikiliza minyororo, alisikia kitu kikilegea.

Jumatatu Mama Gertrude hakuwa mahali pake. Zéphirin alimkuta sokoni, chupa zake zimeshapangwa.

"Umekuja na nani?"

"Na toleka ingine," alisema bila kumtazama. "Zéphirin, najua ni cinéma. Nilikuwepo, nilikataa kwa mudomo yangu. Lakini sasa nikikaa nyuma yako, naona ile beseni. Naona mawese yangu chini. Ningoje kidogo isahaulike."

Haikusahaulika, kwa sababu waliokuwa bandani waliwasimulia wasiokuwepo, na kwa wasiokuwepo haikuwa cinéma bali habari. Zéphirin yule wa velo, wanasema anaanguka kila siku. Wanawake wenye mizigo walimpita. Wenye watoto walimpita mbali zaidi. Na wale waliopanda toleka za wengine walimpungia mkono kwa upole mwingi, wakisema pole papa, courage. Hakuna aliyemtukana tena.

Jumapili alikwenda darajani akasubiri. Mbio zilianza bila yeye, kwa maana hakuna aliyekubali kumsukuma na kuruka, na sheria ilikuwa sheria. Jumapili iliyofuata alikuja dukani.

"Panda wewe, papa Feruzi. Ulishapanda siku ya kwanza."

Feruzi alilifikiria jambo lile kwa haki, kama alivyofikiria kila pendekezo la biashara. "Nikipanda mimi," alisema, "watasema nimepanda kwa huruma, kwa sababu filamu ni ya kwangu. Itakuwa vibaya zaidi. Tena Jumapili niko na watu bandani."

"Na Colette?"

"Colette ndiye aliyeanguka, papa. Watu wanamujua kwa hiyo."

Zéphirin aliitikia kwa kichwa. Hakuna alichoweza kupinga, na hilo ndilo lililomchosha. Alimwambia Feruzi aionyeshe basi ile sehemu ya mbio peke yake, waone kwamba alifika. Feruzi aliionyesha. Ilikwisha kabla mtu hajatulia kwenye benchi, na watu wakaomba waonyeshwe pale anapoanguka.

Aliendelea na baiskeli yake mpaka mwisho wa mvua, akibeba makaa, wenye mzigo wakimsukuma aanze, kwa kuwa makaa hayaogopi. Wenye makaa nao wakataka bei ndogo, ya mtu anayeanguka. Kisha akaileta dukani, imesafishwa, mnyororo umepakwa mafuta.

"Unataka nini?" Feruzi aliuliza.

"Bati. Paa la bombe bado linavuja."

Walibishana, lakini si kama zamani; Zéphirin alikubali upesi mno, na Feruzi, ambaye siku zote alifurahia mtu akikubali upesi, safari hii alitamani angekataa walau mara moja zaidi. Hakumwongezea, hata hivyo. Bei ilikuwa bei.

Arthur alipata sifa zake. Feruzi alipata jenereta na baiskeli nyeusi, akaikodisha kwa kijana wa miguu miwili aliyevunja uma wa gurudumu la mbele kabla ya msimu kwisha, na kaseti haikumletea mtu tena, maana kila mtu alikuwa ameshaiona. Mbio zenyewe zilififia. Pikipiki zilipoanza kuingia mjini hakuna aliyekumbuka kuzisimamisha mbio rasmi. Mama Gertrude alipata dereva mwingine, aliyekuwa mbaya.

Zéphirin alipata bati. Alikaa chini yake, mvua iliponyesha na isiponyesha.