Maji Hayajaingia Hata Siku Moja

Mama yangu, aliye Morogoro, mpaka leo hawaambii majirani kazi yangu. Anasema niko Ulaya, basi. Maana ukimweleza mtu kwamba mtoto alipanda ndege mpaka Brussels ili aingie kwenye vyumba vya chini vya watu na kuuliza maji yakifurika nani ataumia na nini kitaharibika, atacheka mpaka apaliwe.

Lakini ndiyo kazi yenyewe. Nyumba nyingi za bondeni, kuzunguka uwanja wa Flagey, zina chumba chini ya ardhi chenye kidirisha usawa wa barabara. Mvua kubwa ya kiangazi ikishuka kutoka mitaa ya juu, maji hayapigi hodi. Mimi naangalia mlango, kidirisha, na zaidi ukuta, kwa sababu maji yakiingia huacha mstari, na mstari ule hausemi uongo.

Tatizo ni utaratibu wa ofisi: lazima upige simu siku chache kabla. Sasa wewe mwambie mama aliyetoka Lubumbashi, Kongo, kwamba Alhamisi anakuja mgeni kuangalia nyumba yake, uone!

Nilifika kwake nikakuta chumba cha chini kimepambwa kama cha bibi harusi. Zulia. Maua ya plastiki. Sahani ya vitumbua juu ya mashine ya kufulia. Na kuta, jamani, kuta zote zimepakwa rangi nyeupe ambayo hata haijakauka. Niliegemea kidogo tu, koti langu jeusi likaharibika.

"Maman, mbona umepaka rangi?"

"Ukuta ilikuwa na madoa mubaya, mutoto yangu. Ni nyumba ya zamani, donc... Sikutaka unione muchafu."

Nilitamani kulia. "Maji yamewahi kuingia humu?"

"Mayi? Haijaingia hata siku moja!" Akaapa kwa Yesu na kwa marehemu mume wake.

"Na nani analala humu?"

"Hakuna muntu. Kula kitumbua."

Hapo pazia la kitenge lililokuwa kwenye kona likakoroma. Maman akakohoa kwa nguvu. Pazia likakoroma zaidi. Akasema ni mashine ya kupasha nyumba joto, bila hata kupepesa macho. Basi mashine ile ikapiga chafya, ikasema, "Mungu wangu."

Nikafungua pazia. Mzee mwenye mvi alikuwa amejikunja kwenye kitanda kidogo, soksi miguuni. Alikuwa kaka mkubwa wa Maman, "yaya" kama wanavyoita kwao. Usiku anasafisha ofisi, mchana analala.

Damu ilinichemka. "Maman, umenidanganya mchana kweupe!"

Akashusha sauti. Wakubwa wa mtaa wakijua mtu analala huku watakataza, na mwenye nyumba atawafukuza wote. Juu kuna vyumba viwili, na wanabanana yeye, binti yake na wajukuu. Nikamvuta mpaka mlangoni. Mlango ule unafunguka kwa ndani. Maji yakiingia kwa kidirisha yakafika magotini, yatausukuma ujifunge, na hakuna mzee wa kuuvuta. Kaka yako atafia humu, nikamwambia, na nyinyi mko juu mnakula.

"Mungu iko," akasema Maman, akakunja mikono. "Na mayi haijaingia hata siku moja."

"Iliingia," mzee akasema kutoka kitandani.

Tukageuka.

"Ile mvua ya mwezi wa saba. Nilishusha miguu nitafute kandambili, nikakuta zinaelea, zinaenda zao. Nikasema, bon, ni mudogo wangu anaosha chini. Nikapandisha miguu, nikalala tena."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, rangi ikaniingia na viganjani. Maman hakucheka.

"Nani alifuta ile mayi, yaya?"

"Ni mimi. Na ndoo, na shuka. Wewe ulikuwa soko."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenipandisha juu. Batoto balale wapi?"

Nikaacha kucheka. Maman alimtazama kaka yake, akautazama ukuta alioupaka kwa mikono yake mwenyewe, akakaa chini palepale kwenye zulia. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kukasirika. Nilidhani atalia. Badala yake aliinuka, akamvuta yaya wake mkono mpaka akatoka kitandani na soksi zake, akashika godoro.

"Balale juu ya tumbo yangu!" akapiga kelele. "Na wewe, mukaguzi, weka kalamu, kamata kule!"

Nikakamata. Kwenye kona ya ngazi godoro lilikwama, mimi nimebanwa ukutani, na nyuma yetu mzee anatuomba tumwache alale saa moja tu, jioni ana kazi.

"Utalala juu!"

Maman akasukuma kwa bega, analia na kutukana kwa pamoja, mpaka likapita.