Vichwa Arobaini na Sita vya Ngege

Saa tatu asubuhi, Bwera, magharibi mwa Uganda. Dkt. Mackline Kabugho anafungua sanduku la barafu, anatazama ndani, kisha anakaa sakafuni. Vichwa arobaini na sita vya ngege, samaki wa ziwani, kazi ya miezi mitatu, vimefunikwa chumvi ya Ziwa Katwe.

"Dokta, umeme ilipotea siku tatu. Barafu iliisha, samaki ikaanza kunuka," anaeleza Mama Edisa, mlinzi wa chumba hiki cha utafiti. "Wewe ulikuwa Kasese. Mimi ningeacha ioze?"

Edisa ni mzaliwa wa Kabatoro. Kwa miaka ishirini alipeleka samaki wa chumvi soko la Mpondwe, na kwake kumwacha samaki bila chumvi ni uvivu. Tena alivipasua vichwa vizuri, chumvi iingie mpaka kwenye mashavu.

Ni mashavu hayo hayo, samaki anayopumulia, Mackline anayoyachunguza.

Kwa miaka kumi na moja, mwanasayansi huyu mwenye umri wa miaka 43 amefuatilia jinsi chumvi inavyoingia na kutoka katika seli. Ikiyeyuka, chumvi huwa ioni, chembe zenye chaji ya umeme, nazo hupita kwenye vijilango vidogo mno.

"Moyo wako unapiga kwa sababu ya vijilango kama hivyo. Figo pia," anasema.

Nusu ya ngege wake waliishi katika maji ya ziwa, nusu katika maji ya chumvi, ili aone jinsi vijilango vinavyobadilika.

"Sasa wote ni wa chumvi," anasema bila kucheka.

Darubini anayoihitaji iko Kampala. Nafasi yake ya kuitumia ni kesho saa mbili asubuhi, na ufadhili unakwisha Desemba hii ya 2014. Mwaka jana aliikosa nafasi kwa sababu askari wa kizuizi cha barabarani alitaka kila chupa ifunguliwe.

"Nilimwambia, afande, hivi ni vipande vya samaki. Akaniuliza, samaki gani anakaa kwenye chupa?"

Katika mapipa wamebaki ngege kumi na wawili hai, sita wa maji ya ziwa na sita wa maji ya chumvi. Mackline anataka kuwasafirisha wakiwa hai, ila hajui gari litakalofika kabla hawajafa. Edisa anajua. Anampigia Kakule, dereva aliyembebea mizigo zamani, ambaye anakubali kuondoka saa sita mchana bila kuchukua abiria njiani.

Kisha Edisa anatangaza kwamba naye anakwenda, maana maji ya samaki hai lazima yapigwe kwa kikombe njia nzima yapate hewa. Mackline anakataa mara mbili. Mara ya tatu anamkabidhi kikombe.

"Nikifikisha wanne kwa wanne, utafiti umepona," anasema. "Nataka hao wanane tu."

Kakule amefika. Edisa anashika jerikani la samaki na kuomba kwanza: kwa ajili ya gari, dereva, matairi, na samaki mmoja mmoja. Mackline amefumba jicho moja. La pili liko kwenye saa.

"Amina, mama," anasema. "Sasa inua."