Jina la Bosi kwa Wino Mwekundu

Kipigo cha kwanza alichokula Kim-sui kazini kilitokana na gundi. Alikuwa DJ mgeni katika Ukumbi wa Pomboo, mtaani Yancheng, katika mji wa bandari wa Kaohsiung, na alikuwa na majivuno ya mtu aliyejinunulia kompyuta. Alichoma CD zake mwenyewe chumbani kwake, akazibandika lebo za karatasi zenye picha ya minazi na jina lake kwa herufi za dhahabu. Zilipendeza, sikatai. Lakini Kaohsiung ni joto, kibanda cha DJ ni joto zaidi, na ndani ya mashine ya CD ndiyo tanuri yenyewe. Katikati ya wimbo lebo ilibanduka, CD ikanasa, muziki ukakatika kwa mlio wa paka aliyekanyagwa mkia. Watu wote wakasimama na kugeuka, na baharia mmoja akaonekana waziwazi amemkumbatia mke wa mtu. Mume alivunja chupa ya bia akamchana baharia shavu. Walipochoka kuumizana, wakapanda kibandani wote wawili, wakampiga DJ.

Mimi nauza tambuu mlangoni pa ukumbi ule. Nilimfuta damu kwa kitambaa ninachofutia majani.

"Hivi ile minazi ulimwekea nani, mdogo wangu?" nilimuuliza. "Mashine haina macho."

"Dada Bi-lan, niache. Taya linauma."

"Liume tu. Huenda likakufundisha."

Sikuwa na huruma ya maneno, ila nilimpenda kama ndugu. Baba yake alikuwa mkata meli chakavu bandarini, akateketea ndani ya tangi la mafuta, na Kim-sui akalelewa na bibi yake kiziwi aliyepandisha sauti ya redio hadi mwisho kutwa nzima. Ndiko alikojulia nyimbo za zamani zote. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye mikono mizuri kama ya mshona nguo, na hakuwahi kumrudishia mtu kofi. Mtu wa namna hiyo hakufaa kufanya kazi mtaani kwetu, ambako watu walisalimiana kwa mabega na kuagana kwa mateke.

Baada ya gundi akahamia kalamu ya kawaida ya biki. Aliandika majina ya nyimbo juu ya CD kwa mwandiko mdogo safi, akikandamiza ili wino ushike. Kumbe upande ule wa juu ndio mlaini, muziki umelala chini ya rangi tu, na ncha ya biki ilikuwa inauchimba. Siku moja, kwenye dansi la alasiri, Bosi Lim Tek-hong alikuwa akicheza na kimada wake. Bosi ndiye mwenye ukumbi, mwenye mkahawa wa kamba wa baharini ng'ambo ya barabara, na mwenye kuogopwa na mtaa mzima. CD ikakwama kwenye neno moja: mwongo, mwongo, mwongo, mwongo. Kimada akaangua kicheko. Bosi alimtazama kijana wake wa kazi chafu, jitu tulilokuwa tukiliita Chuma. Kim-sui akatoka pale na mbavu mbili zimevunjika.

"Ningekuwa wewe ningerudi kukata meli," nilimwambia.

"Meli zilimuua baba."

"Na CD zitakuua wewe."

Alicheka huku ameshika mbavu. Wiki hiyohiyo akanunua kalamu za maka, zile zenye ncha laini ya kitambaa, na hapo ndipo alipopata mpango wake. Jina la wimbo aliliandika kwa maka nyeusi, kubwa, lisomeke gizani. Pembeni aliweka namba ya kasi kwa maka nyekundu, ili ajue wimbo upi unafuata upi bila wachezaji kujikwaa. Hakuna lebo tena, hakuna kuchimba. Kalamu zote mbili zilikaa mfuko mmoja wa shati. Kwa muda mrefu hakuna aliyempiga, nami nikaanza kuamini kuwa mambo yamemnyookea.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sote hatukulitilia maanani. Bosi alikuwa ameamuru taa ya kibandani iwe ya buluu, kwa sababu taa nyeupe ilimwonyesha mikunjo ya uso kila alipopita karibu na kioo. Basi Kim-sui alifanya kazi yake yote ndani ya buluu.

Bosi alipotimiza miaka sitini, karamu ilifanyika mchana mkahawani kwake. Kim-sui alimchomea CD ya nyimbo za ujanani mwake, nyingine amezitafuta kwa miezi. Ilikuwa zawadi ya moyo, maana yule bwege hakuwa na kinyongo hata na mtu aliyemvunja mbavu. Aliandika juu yake kibandani, kati ya wimbo na wimbo, akaitia kwenye bahasha ya karatasi ya dhahabu, akavuka barabara.

Mimi nilikuwa pale napeleka sinia la tambuu. Meza zilijaa tambi za maisha marefu na miguu ya nguruwe. Bosi akafungua bahasha mbele ya wageni, jua la dirishani likapiga ile CD, na watu wa meza ya mbele wakaacha kutafuna. LIM TEK-HONG. Jina zima, wino mwekundu kama damu ya kuku.

Kwetu jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wino mwekundu. Ni jina la aliyekwisha kuhukumiwa kufa. Hata mtoto wa chekechea anajua, ukimchezea hivyo mwenzake atalia na mama mtu atakuja shuleni na fimbo.

"Unanichulia?" Bosi aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Siku yangu ya kuzaliwa, ndani ya nyumba yangu, unanichulia kifo?"

"Bosi, ni nyeusi," alisema Kim-sui. Kisha akaiona. Nilimwona uso ukimwisha rangi. "Bosi, niliandika kwa nyeusi! Naapa!"

Chuma alimpiga kwa bakuli la supu. Bakuli likapasukia kichwani, tambi zikamning'inia masikioni, na wageni wengine wakacheka kwa woga. Wakamburuta kwa nywele ng'ambo ya barabara, pikipiki zikifunga breki, hadi ukumbini. Bosi alikuwa amekwisha kutoa amri njiani, tuliisikia sote: mkono ulioandika usiandike tena.

Nilikimbia nyuma yao. Chuma alipokuwa akiulaza mkono wa kuume wa Kim-sui kwenye fremu ya mlango wa chuma wa kibanda, nilichota chokaa ya tambuu kwa vidole vitatu nikamsiliba machoni. Alinguruma. Akanitandika kwa nyuma ya ngumi, nikatema jino, na mpaka leo pengo hilo ninalo na silionei haya.

"Washeni taa!" nilipiga kelele, damu mdomoni. "Mnamvunja mtu bila kuwasha taa? Bosi, ingia humo ndani ujionee! Taa uliyoiweka mwenyewe!"

Sijui ni kwa nini alinisikiliza. Labda alitaka kuaminishwa, maana kuandikiwa kifo kwa bahati mbaya ni afadhali kuliko kuandikiwa makusudi. Akaingia kibandani, akamvuta Kim-sui ndani kwa kola, akabofya swichi. Buluu ikatufunika.

"Andika," alisema.

Kim-sui alitoa kalamu zake akaandika kwenye CD tupu, mstari huu kwa hii, mstari ule kwa ile. Vijana wa Bosi wakachungulia mlangoni, Chuma akiwa na jicho moja limefumba linatoka machozi. Mistari yote miwili ilikuwa nyeusi tii.

"Ipi nyeusi, Bosi?" Kim-sui aliuliza kwa adabu. "Naomba unionyeshe wewe."

Bosi aliinama, akatazama sana. Akaweka kidole.

Nikaichukua ile CD nikatoka nayo hadi kwenye mwanga wa mlangoni. Kidole chake kilikuwa kimegusa mstari mwekundu.

Mmoja wa wale vijana akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kimemponyoka tu, na nikajua palepale kwamba tumekwisha. Bosi aliyekosea rangi mbele ya watu wake hawezi kurudi mezani kula tambi bila mtu kulipia aibu hiyo.

"Nakuamini," alimwambia Kim-sui. Alimshika bega, karibu kwa upole. "Nimeona kwa macho yangu. Hukukusudia."

"Asante, Bosi. Asante sana."

"Shikeni mkono."

Walimshika watu wanne. Mimi walinikalia mgongoni, shavu langu likiwa kwenye sakafu inayonuka bia, na kutoka pale nilimwona Chuma akiuvuta mlango wa chuma hadi nyuma kabisa. Aliubamiza. Kim-sui hakupiga kelele mara ya kwanza, alitoa pumzi tu. Mara ya pili alimwita bibi yake. Waliendelea hata alipozimia, na mifupa ilipoacha kutoa sauti ndipo Bosi akasema yatosha, akajifuta kiatu kwa leso, akarudi karamuni.

Hospitali walimtia vyuma mkononi na plasta hadi kwenye kiwiko. Daktari alisema vidole vitabaki, lakini visitegemewe. Nilikaa naye kila asubuhi, namlisha uji kwa kijiko. Hakulaani mtu. Mimi ndiye niliyelaani, kwa niaba yake na kwa niaba ya jino langu, mpaka wagonjwa wa jirani wakaniomba nipunguze.

Asubuhi moja pazia likafunguliwa, akaingia Bosi Tek-hong. Alikuja peke yake, na kapu la matufaha. Nilishika kisu cha kumenyea matunda nikasimama, lakini hakunitazama. Alikuwa amekonda. Ngozi ya shingo ilimlegea kama nguo ya kuazima.

"Silali," alimwambia Kim-sui. "Kifua kinabana. Nikifumba macho naliona lile jina. Nimekwenda hekaluni, mganga akapandisha mzimu, mzimu ukasema dawa ni moja. Liandikwe tena, kwa nyeusi, na mkono uleule ulioliandika. Mkono mwingine haufai."

Alitoa mfukoni CD mpya na maka nyeusi. Alikuwa ameziangalia kwenye jua, alisema, mara nyingi.

"Mdogo wangu, niandikie. Niombe chochote."

Kim-sui akauinua mkono wa plasta, akaulaza juu ya blanketi, mbele yake.

"Ndio huu, Bosi. Uombe wenyewe."

Bosi akapiga magoti. Alivishika vile vidole vyeusi vilivyochomoza kwenye plasta, akavipanua kimoja kimoja, akachomeka kalamu katikati na kuvikunja juu yake. Ikaanguka. Akaiokota chini ya kitanda, akachomeka tena, huku akivibembeleza kwa sauti ya kunong'ona, na Kim-sui, jasho likimtiririka kwa maumivu, hakuuvuta mkono.