Mataruma Niliyoyalaza Chali

Sijapenda kuisimulia habari hii, na ninyi mnaonijua mnajua kwamba mimi si mtu wa maneno mengi, lakini kwa kuwa imeshasimuliwa na wengine kuanzia machimboni mpaka stendi ya Shinyanga, na kila msimuliaji anaongeza la kwake (yupo anayesema niliangukia ndani ya supu ya mbuzi, si kweli, supu ilimwagika nikiwa bado mbali kidogo), naona bora niiseme mwenyewe ilivyokuwa, ili aibu yangu ibaki na ukubwa wake, isiongezwe wala isipunguzwe.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nina kibanda hapa Kambarage, natengeneza mageti, madirisha na vitanda, na shule niliishia darasa la saba. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Baada ya matanga wazazi wake walimchukua binti yetu Kabula wakaenda naye kwao Samuye, nami sikubisha, kwa sababu siku zile nilikuwa nikikaa mbele ya jiko bila kukumbuka nimewasha moto kwa ajili gani. Baba mkwe aliniambia kwa upole kwamba mtoto ni wangu, hakuna anayeninyang'anya, ila nitamchukua siku atakayoona kwa macho yake kwamba nimesimama tena na nina kazi ya maana. Tangu siku hiyo kila kazi niliyoishika niliishika nikiwa namfikiria Kabula.

Ndipo akaja Mama Shija. Huyu mama ana duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, upande wa Geita, na alikuwa na reli ndogo ya kuteremshia mawe kutoka mdomo wa duara mpaka kwenye karasha la kuyasagia kule chini. Reli yenyewe ilikuwa imelazwa juu ya mataruma ya mti, na mchwa wa kule wanakula mti kama sisi tunavyokula karanga, kwa hiyo kila baada ya muda mataruma yanaoza, reli zinaachana, toroli linaanguka ubavu na mawe yake. Mama Shija alisikia habari zangu kwa jirani yangu niliyemtengenezea geti, akafika kibandani, akaniuliza, "Fundi, mataruma ya chuma unayajua?"

Nikasema, "Nayajua, mama."

Hapo ndipo kila kitu kilipoanzia. Sikuwa nayajua. Reli kubwa nimeipita mara nyingi, lakini mtu akipita relini anaona vyuma viwili na kokoto, nani anainama kufukua kilichozikwa chini? Taruma la chuma nililokuwa nimeliona zima, kutoka ncha hii mpaka ile, lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa uani kwa wakwe zangu kule Samuye, limekaa kama mtumbwi mdogo, limejaa maji, mbuzi wanakunywa.

Nikaenda kulipima. Nilichagua siku ya mnada makusudi, nikijua baba mkwe atakuwa ameenda kuuza ng'ombe, maana nilijiuliza nitamwambiaje mzee kwamba nimepewa kazi kubwa ya kunirudishia mtoto na kazi yenyewe siijui. Mama mkwe alikuwepo, lakini kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani, hawatazamani usoni, hata salamu hupitia mbali. Basi mimi nimechuchumaa pale na futi yangu, napima mdomo, napima kina, napima ile mikunjo ya kwenye ncha, na yeye yuko ndani anachungulia. Akamtuma Kabula.

"Baba, Bibi anauliza unapima nini."

Nikasema mwambie napima tu. Akaingia ndani, akatoka tena.

"Bibi anauliza kama umekula."

(Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba mama mkwe alilia siku ile. Aliniona napima kitu kirefu chenye umbo lile, akadhani msiba umenipanda kichwani na napima jeneza.)

Niliporudi Kambarage nikaanza kazi, na kusema kweli nilifanya kwa moyo wote. Nilinunua chaneli nene, vile vyuma vyenye umbo la mfereji, nikazikata kwa grenda, nikazikunja ncha kama lile la Samuye, nikazilaza mdomo juu kama lile la Samuye, kisha juu ya midomo yake nikachomelea vibao vya chuma vya kukalia reli. Kwenye kila kibao nikatoboa matundu, nikatengeneza vibanio vya kung'ata kitako cha reli, nikavifunga kwa bolti na nati na wosha ya spring ili mtikisiko usivilegeze. Hivyo vibanio nilivibuni mwenyewe na nilivipenda. Nikiwa kitandani nilikuwa naviwaza.

Machimboni tulisawazisha mteremko, tukamwaga kokoto, tukapanga mataruma, tukafunga reli. Mchimbaji mmoja mwenye maneno mengi alisimama akayatazama muda mrefu, akauliza, "Fundi, haya ni mataruma au umetuletea vyombo vya kunyweshea kuku?" Wenzake wakacheka. Nikamjibu kwa ukali, mimi ambaye siwi mkali, kwamba aniachie kazi yangu na yeye ashike sururu yake. Tulijaribu toroli tupu, likapita kama maji. Mama Shija akasema tujaribu na mzigo, nikasema hakuna haja, mama, mzigo ndio utayakalisha vizuri zaidi. Sijui neno hilo nilitoa wapi.

Akapanga siku ya kuzindua. Akachinja mbuzi, akafunga turubai kule chini karibu na karasha, akamwalika mwenyekiti wa kitongoji na mchungaji wa kuombea. Nami nikapiga simu Samuye, nikamwomba baba mkwe aje aone. Nilifikiri atakuja peke yake. Walikuja wote watatu, kwa basi, yeye na mama mkwe na Kabula, na mama mkwe alikuwa amebeba mfuko. Nilipouona ule mfuko nikaujua, ni ule wa nguo za mtoto. Nilielewa kwamba walikuwa wameshaamua, wanasubiri tu kuona. Nikasogea pembeni nikajifanya nakagua nati, kumbe nafuta macho.

Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Udongo chini ya kokoto ulikuwa umelainika, na mataruma yangu yalikuwa yamejaa maji kila moja. Wachimbaji walikuwa wananawia mikono humo kabla ya kula. Niliwaona. Hata hapo akili haikunijia.

Mchungaji akaomba, mwenyekiti akasema maneno yake, toroli likajazwa mawe mpaka likafura, na mimi nikapanda nyuma kwenye breki. Sikulazimishwa. Yupo kijana wa kazi hiyo, nikamwambia leo naendesha mimi, nikijua Kabula ananitazama. Tukaanza kushuka taratibu, watu wanapiga makofi, mama mmoja akapiga kigelegele, nami nikainua mkono kidogo hivi, kama kiongozi. Kisha toroli likakolea mwendo. Nikavuta breki.

Breki ilishika vizuri sana. Magurudumu yalisimama, toroli likatulia juu ya reli kama lilivyotakiwa, ila reli yenyewe ndiyo iliyoondoka, maana haya mataruma yalikuwa na tumbo laini lililokaa juu ya udongo wenye maji, hayakuwa na kitu cha kushikilia ardhini, na kwa kuwa nilikuwa nimefunga bolti zangu kwa nguvu zote, hakuna kilichoachia, reli na mataruma na toroli na mawe na mimi tuliteremka kwa pamoja kama ngazi moja ndefu iliyosukumwa kutoka juu ya paa, tukalipita karasha bila kulisalimia, tukang'oa nguzo ya turubai, turubai likafunika viti vya wageni, sufuria la supu likapinduka, na mwisho wa reli ukazama kwenye dimbwi la kuoshea mchanga. Hapo toroli likasimama ghafla na mimi nikaendelea peke yangu.

Nilirushwa upande wa akina mama waliokaa kando ya dimbwi. Nilikuwa nimejaa tope mpaka machoni, natafuta cha kushika nisianguke kifudifudi, nikashika khanga, nikaing'ang'ania kwa mikono miwili, na nilipofumbua macho nikaona kwamba nimepiga magoti, kichwa changu kiko juu ya mapaja ya mama mkwe wangu.

Naomba mniruhusu nisieleze zaidi hapo. Mtu wa kwetu ataelewa. Mama wa watu alifunika uso wake kwa mikono, akasema kwa Kisukuma kwa sauti ndogo, "Yaya, yaya," yaani hapana, hapana, kama mtu anayekataa ndoto. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Ila yule mchimbaji wa maneno mengi akaanza kucheka, na watu wote wakamfuata, hata mchungaji.

Nilisimama. Mama Shija akaja mbele yangu, hakuwa anacheka, akaniuliza mbele za watu, "Fundi, si uliniambia unayajua?"

Nikamwambia, "Nilikudanganya, mama. Nilikuwa sijawahi kuyatengeneza."

Baba mkwe alikuwa ametembea mpaka ilipolala ile reli. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Aliinama, akagusa taruma moja kwa fimbo yake, akaniita.

"Baba Kabula, haya umeyalaza chali. Taruma la reli linalala kifudifudi. Mdomo unazama kwenye kokoto, unang'ata, na reli inakaa mgongoni. Lile la nyumbani nililipindua mimi, lipate kushika maji ya mbuzi."

"Sikujua, Baba."

"Hukujua, sawa. Lakini ulifika mpaka uani kwangu ukalipima. Kwa nini hukuuliza?"

Nikasema niliona aibu. Ndiyo ilikuwa kweli yenyewe, sikuwa na nyingine.

Akatikisa kichwa polepole, kisha akasema maneno ambayo hayajatoka masikioni mwangu mpaka leo. "Reli si kitu, utaigeuza. Lakini huyu ni mtoto wa kike, na mama yake hayupo. Kesho ataumwa, keshokutwa atakua, na wewe kuna mambo hutayajua. Ukiona aibu kuuliza, atakayeumia ni yeye. Acha turudi naye kwanza."

Alikwenda akachukua mfuko wa nguo, ulikuwa umeingia tope upande mmoja, akaukung'uta, wakaondoka kwenda kusubiri basi. Kabula aligeuka mara kadhaa akanipungia mkono. Alidhani ni mchezo nilioutengeneza kwa ajili yake.

Mimi nilibaki machimboni. Mama Shija hakunifukuza, aliniambia tu nisiondoke mpaka kazi ikamilike, na safari hii alisimama mwenyewe kuangalia. Nilifungua zile bolti moja baada ya nyingine (hata moja haikuwa imelegea, na hilo liliniuma zaidi), nikayapindua mataruma, nikahamishia vibao mgongoni, nikashindilia kokoto chini ya matumbo yake mpaka yakakaa, tukapitisha toroli lenye mzigo siku za jua na siku za mvua. Inafanya kazi mpaka leo, nendeni mkaione. Ila kule hakuna anayenijua kwa jina langu, wote wananiita Fundi Chali, na nikipita wananionyesha kwa watoto wao.

Kwa hiyo nimeapa. Mtu akiniuliza kama kitu nakijua na sikijui, nasema sikijui, hata kama mteja ataenda kwa fundi mwingine, na wengine wameshaenda kweli. Na kila Jumapili nakwenda Samuye kuuliza. Nasimama uani, mama mkwe yuko ndani nyuma ya pazia (tangu siku ile amezidisha kujificha, simlaumu), na Kabula anakimbia katikati yetu na maswali yangu: homa ikipanda naanza na nini, nywele zinasukwaje zisimuume, akimlilia mama yake nimwambie nini. Hilo la mwisho halikujibiwa siku ile ile, nililetewa jibu wiki iliyofuata.

Bado naona aibu, masikio yanawaka kila nikifungua mdomo. Jumapili iliyopita niliuliza kwa nini uji wangu unashika mabonge. Kabula akaingia, nikasikia mama mkwe anacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike mwanawe. Kisha mtoto akatoka mbio.

"Baba, Bibi anasema Jumapili ijayo uje na sufuria yako. Upike hapa nje, yeye atakuwa anakuangalia kutoka dirishani."