Matawi Mawili Katika Bonde la Pili

Nilikuwa na miaka kumi na miwili Maître, mwalimu wetu wa shule ya msingi, alipotupeleka kwa miguu kwenye mabonde yaliyo ng'ambo ya mto Tshopo. Nimezeeka nikiyawaza. Miaka mingi nimefundisha jiografia hapa Kisangani nikichora mabonde ubaoni, na mwaka huu nilimsumbua mkuu wa shule mpaka akachoka, akakubali matembezi kama yale kwa sharti moja.

"Bon, Madame. Unaenda na wanafunzi kumi na nane, unarudisha kumi na nane, mbele ya saa kumi na moja. Kama haiko vile, matembezi imeisha mu hii shule."

Saa mbili asubuhi tulivuka daraja la Tshopo. Barabara ya Banalia zamani ilikuwa ya toleka, zile baiskeli za kubeba abiria. Leo pikipiki zilitusukuma pembeni. Wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, wengi watoto wa wafanyabiashara, walikuwa wamevaa raba nyeupe utadhani wanakwenda misa. Niliwacheka, kisha nikakumbuka kwamba siku ile nami nilivaa viatu vya Jumapili vya dada yangu.

Saa tatu tuliiacha barabara na kuteremka bonde la kwanza. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya kijito, na harufu ya majani yaliyolowa ilinirudisha utotoni mara moja. Nilimwona Maître mbele yangu na panga lake. Kwenye kila njia panda alikata tawi la majani, akalilaza kukatiza njia tusiyoifuata, ili anayekuja nyuma asipite huko. Hata wakati wa kurudi, sisi wote tukiwa mbele yake, alilaza tawi, nasi tukamcheka.

Katika bonde la pili soli ya kiatu cha mvulana mmoja ilibanduka. Gloire, kiongozi wa darasa, alibaki nyuma naye na wengine wanne kukifunga kwa kamba, nami nikatangulia na wale kumi na wawili. Tulipofika njia panda nilikata matawi mawili, nikayalaza kwenye njia ya kushoto, ile pana inayoshuka mtoni, tukashika ya kulia. Sikueleza kitu. Kwangu ilikuwa kama kufunga mlango.

Saa tano tulifika shambani kwa papa Bernard, mwenyeji wetu, aliyetuandalia lituma ya ndizi za kuponda na samaki wa kukaushwa. Saa sita Gloire na wenzake walikuwa hawajafika.

"Ulifunga njia?" akaniuliza papa Bernard.

"Nilifunga, papa."

"Basi beko njiani, batafika."

Tukangoja tena. Ndipo Furaha, msichana anayesimamia salongo, usafi wetu wa kila Jumamosi, aliponijia ameinamisha kichwa.

"Madame, ile matawi uliyalaza kule... mimi nilikuwa wa mwisho, nikayatupa. Nilizania ni uchafu. Kila samedi unatuambia njia ibakie safi."

Hasira ilinipanda, ikashuka papo hapo, maana maneno yale yalikuwa yangu kweli. Nilimwachia darasa mke wa papa Bernard, nikarudi mbio na mumewe na Furaha. Kwenye njia panda matawi yalikuwa majanini, yamepangwa vizuri pembeni. Tuliteremka kushoto tukiita. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu ya mvua ya jana.

Wote sita walikuwa wamekaa kwenye gogo, mbali na maji.

"Mimi mutoto wa Banalia, Madame," alisema Gloire. "Koko yangu, baba ya mama, alinifundisha. Nilitafuta tawi kushoto, nikatafuta kuume, hakuna. Donc tukafuata njia kubwa. Tulipoona maji nikasema tukae, Madame atakuja."

Nilimshika bega nikalia mbele yao, wala sikuona haya. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiona mrithi wa Maître, kumbe nilichowapa wanafunzi wangu ni mabonde ya chaki tu.

Saa nane tulianza kurudi, baada ya kula lituma iliyopoa. Kwenye njia panda Furaha alibaki nyuma ya wote. Alivunja matawi mawili kwa mikono, akayalaza kushoto, akayakanyaga yakae.

"Hakuna mtu nyuma yetu," nikamwambia.

"Kuko wa mwaka kesho, Madame."

Nilitaka kumwambia majani yatakauka, ila nilimkumbuka Maître na kicheko chetu, nikamsaidia kuweka tawi la tatu.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano mkuu wa shule alikuwa amesimama langoni anahesabu kwa kidole.

"Kumi na nane. Kulikuwa shida?"

"Mimi nilitupa alama ya njia," alisema Furaha kabla sijafungua mdomo.

"Ni mimi sikuwafundisha alama," nikasema. "Sita walipotea zaidi ya saa mbili."

Alinitazama, akatazama raba zilizokuwa nyeupe asubuhi. Nilijua nimeifunga safari kwa ulimi wangu mwenyewe.

"Basi mwaka kesho, Madame," akasema, "uwafundishe mbele ya kutoka."