"Ndiyo" Iliyopotea Kabla ya Saa Sita

Chiriku, fundi wa kompyuta wa kituo cha redio, alipewa jina hilo kwa sababu hajui kufanya kazi kimya. Seva ikigoma anaisemesha na kuitania; ikikubali anaipongeza kwa sauti ya sokoni. Wapo wanaoamini kompyuta ni kazi ya watu walionuna. Hao hawajamwona.

Asubuhi hiyo aliwakuta wenzake roho juu. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi, na folda ya vipindi kwenye kompyuta ya studio haikuwa na hata wimbo mmoja. Chiriku hakubabaika. Folda ile ilikuwa mlango tu. Vitu vyenyewe vilikaa kwenye seva ya chumba cha nyuma, waliyoiita ghala. Aliliita ghala kupitia mtandao, likaitika. Akapekua kumbukumbu za kompyuta, akaangua kicheko.

"Huyu kaamka kabla ya mwenzake! Kapiga hodi ghala bado limelala, kakata tamaa."

Akaandika amri ya kuliunganisha ghala na folda. Nyimbo, matangazo, vipindi vya zamani, vyote vikarudi. Watu wakapiga makofi, na Chiriku akainama kupokea sifa, maana kwa sifa hajambo.

"Na mchezo wa leo uko wapi?" aliuliza fundi sauti.

Wasikilizaji walikuwa wamengoja miezi na miezi binti wa kwenye mchezo akubali kuolewa. Binti huyo aliigizwa na dada yake Chiriku, ambaye mume anaye, na mimba ilikuwa imetimia. Asubuhi ile ile uchungu ulimshika studioni, akakataa kuondoka mpaka amalize. Alisema "Ndiyo!" yake ameng'ang'ania meza, kisha mumewe akamkimbiza hospitali, redio ndogo mkobani. Mchezo ulitakiwa hewani saa sita, nao haukuwemo.

"Niliuweka humo humo kwenye folda," fundi sauti aliapa.

"Mpigieni simu aje arudie," alisema mkuu wa vipindi, kisha akajisikia mwenyewe, akajishika kichwa.

Chiriku alikosa neno, na hilo liliwatisha watu kuliko mchezo kupotea. Alimfikiria dada yake wodini, akiitegea sikio sauti yake mwenyewe redioni. Angemwambia nini?

"Ulirekodi kabla sijaunganisha?" aliuliza ghafla.

"Kabla."

"Basi upo! Mimi mwenyewe nimeufunika!"

Mchezo ulihifadhiwa ghala likiwa halijaunganishwa, kwa hiyo ulibaki kwenye diski ya kompyuta yenyewe. Ghala lilipokuja, likakaa juu yake. Dawa ilikuwa kulitenganisha tena.

"Mzee, naziondoa nyimbo zote," alimwambia mkuu wa vipindi.

"Thubutu! Si ndiyo kwanza zimerudi?"

"Kidogo tu, Mzee wangu."

Amri ikagoma: folda inatumika. Mtangazaji alikuwa ameweka wimbo hewani. Chiriku akamfanyia ishara kupitia kioo, akipitisha kidole shingoni, na maskini mtangazaji, jasho likimtoka, akazima wimbo na kuanza kuwasomea watu hali ya hewa ya jana. Amri ikakubali. Folda ikawa tupu, isipokuwa faili moja tu. Chiriku akalirukia, akalinakili pembeni, akaliunganisha ghala upya na kuliweka faili mahali pake.

Saa sita "Ndiyo!" ikaenda hewani kwa mguno na kelele zake zote. Simu za kituo zikafurika. Wasikilizaji walisema hawajapata kusikia mwanamwali akikubali mchumba kwa nguvu namna ile.

Kisha simu ya Chiriku ikaita. Alikuwa dada yake, sauti imemkauka.

"Mdogo wangu, nimejisikia."

"Na sisi tumekusikia, dada."

"Katoka pale pale. Redioni nasema ndiyo, kitandani nasema ndiyo. Wakunga hawajui wamjibu nani."

Nyuma yake kilisikika kilio chembamba, chenye hasira. Chiriku akaketi sakafuni katikati ya nyaya, akicheka na kulia, akawaita wenzake waje wamsikie.